Andika Lengo Lako, Andika na Hofu Yako

Mazungumzo aliyoyatoa afisa wa maendeleo ya jamii kwa wajumbe wa vikundi vya ususi wa vyondo, katika semina ya siku moja kwenye ukumbi wa kanisa. Tumeyapunguza kidogo ili yatoshe ukurasani.

Najua wengine mmetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na wengine mmeacha ng'ombe hawajanyweshwa. Kwa hiyo sitawachosha kwa maneno mazuri. Nimeombwa niseme juu ya malengo katika biashara ndogo ya kazi za mikono. Nimeomba ruhusa niongeze neno moja, hofu, kwa sababu katika vikundi ninavyovitembelea haya mawili hukaa nyumba moja. Ukimwita lengo atoke nje, hofu ndiye anayefungua mlango.

Juzi nilikuwa nikipitia katiba za vikundi vyenu. Karibu zote zimeandika kwamba lengo la kikundi ni kuinua hali ya maisha ya wanachama. Ni maneno mema, na ofisi ya maendeleo ya jamii inayapenda wakati wa kuandikisha kikundi. Lakini mimi nayaita sala. Katika sala hatumwekei Mungu tarehe. Lengo lina idadi, lina bei, na lina mwezi. Mkiniambia mnataka kupanua biashara ya vyondo, nitawauliza: vyondo vingapi, kwa shilingi ngapi, kabla ya mwezi gani? Kama hamna jibu, basi bado mnasali.

Tufanye hesabu hapa ubaoni. Tuchukue kiondo kimoja cha kadiri, kile mama anabeba kwenda sokoni. Nitatumia bei za mfano, na nyinyi mtaweka zenu, maana bei ya katani kule Kibwezi karibu na mashamba ya mkonge si ile ya Machakos mjini. Katani, tuseme 150. Kama unachuna mkonge wa ua wa shamba lako usiandike sifuri. Andika bei ambayo jirani angekuuzia, kwa sababu iko siku mkonge wako utaisha na utanunua kwake. Rangi 50. Mikanda ya ngozi pamoja na fundi wa kuishona 200. Nauli, ukiigawa kwa vyondo vyote ulivyobeba siku hiyo, 30. Jumla ni shilingi 430. Hapo wengi wenu mnafunga daftari. Dalali akija akasema 600, mnaona faida ya 170, na mnamshukuru, na mnampikia chai.

Lakini kiondo hakikujisuka. Kuna kusokota uzi kwenye paja mpaka paja linauma, kuna kuanza kitako, kuna kuzungusha ukipanda mpaka mdomoni, kuna kufunga ncha. Tuseme siku nane, saa tatu kila siku baada ya kazi nyingine zote za nyumbani. Hizo ni saa 24. Sasa gawa zile 170 kwa 24. Mama mmoja hapa mbele ameshapata, ni shilingi saba na senti kidogo kwa saa. Je, kuna mtu humu ndani anayeweza kumpata kibarua wa shamba kwa shilingi saba kwa saa? Atakuachia jembe lako hapo hapo kwenye mtaro. (Kicheko.)

Ukijilipa shilingi 25 kwa saa, na hiyo bado ni kidogo, kazi ya mikono yako ni 600. Ongeza zile 430, tunapata 1,030. Ongeza 70 ziingie mfuko wa kikundi. Bei ya kiondo ni 1,100.

Ninapoandika hii 1,100 naona nyuso zinabadilika. Kuna mama ameangalia chini. Hiyo ndiyo hofu ya kwanza, na imekuja kabla sijaiita. Ni hofu ya kutamka bei. Mnafikiri mnunuzi ataondoka, dalali atakasirika asirudi, jirani atakubali 600 na wewe ubaki na kiondo chako.

Nataka niseme jambo juu ya dalali, kwa sababu mara nyingi katika mikutano kama hii tunamtukana na yeye hayupo. Dalali si mwizi. Analipa gari, analala mjini, na vyondo vikikaa bila kununuliwa ni hasara yake. Lakini hakuna mahali alipoapa kukulipa saa zako. Anajua bei ya katani na bei ya mjini. Saa zako hazijui, na kama wewe mwenyewe huzijui, nani atamwambia? Kwa hiyo hofu hii dawa yake ni ndogo sana. Chukua kiondo kimoja, kile kizuri kuliko vyote, umwambie mnunuzi mmoja bei ya 1,100, unyamaze. Usianze kujieleza. Usiseme "lakini tunaweza kuongea" kabla hajafungua mdomo. Akikataa, umepoteza nini? Kiondo bado ni chako, na katani haiozi kama nyanya. Andika alisema nini. Fanya hivyo kwa wanunuzi watano, na utakuwa na habari badala ya wasiwasi. Pengine utakuta bei ya soko ni 900, basi utarudi kwenye hesabu uone kama ni mikanda ya ngozi inayokula pesa, au kama kiondo kidogo kinalipa zaidi kwa saa kuliko kikubwa.

Sasa turudi kwenye lengo. Tuseme kikundi kina wanachama 20. Kila mmoja asuke vyondo sita kwa bei ya 1,100. Hivyo ni vyondo 120, na mfuko wa kikundi utapata 70 mara 120, yaani shilingi 8,400. Ni lengo zuri, lina idadi na lina bei. Lakini mwezi? Vyondo sita kwa saa 24 kila kimoja ni saa 144. Mkisuka saa tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, mkapumzika Jumapili, ni wiki nane. Mkisema mtaanza Oktoba, mmejidanganya. Sisi wa Ukambani tunajua mvua ya Oktoba ndiyo ya chakula chetu. Ikinyesha hakuna mtu wa kusuka, kila mkono uko shambani, kwanza kupanda, halafu palizi. Wiki zenu nane ziko kati ya Juni na Septemba, wakati wa kiangazi. Mkianza Julai mwanzoni, mwisho wa Agosti mmemaliza, Septemba mnauza, na pesa za karo ya Januari ziko mahali kabla hamjachukua jembe. Lengo lisilojua mvua halijui kwetu.

Na msione haya kuanza na namba ndogo. Wazee wetu walipochimba matuta kwenye milima ya Machakos kwa mwethya, hakuna aliyesema tutamaliza mlima msimu huu. Walichimba shamba la huyu, wakaenda la yule. Na kule Karen, Nairobi, mwaka 1975, Susan Wood alianza kutengeneza shanga za udongo akiwa na akina mama wawili tu waliokuwa wakilea watoto peke yao. Kazi ile iliitwa Kazuri, na baadaye ikaajiri mamia ya wanawake. Kweli, yeye alikuwa karibu na soko la mjini kuliko sisi, hatuwezi kujifananisha kwa kila kitu. Lakini wawili ni wawili hata Karen.

Nawapa sasa habari ya kikundi kimoja. Sitakitaja jina, kwa sababu baadhi yao wako humu ndani, na waliniruhusu kusimulia habari, si kutaja jina. Ni akina mama 14. Mnunuzi kutoka Nairobi alipata kiondo chao mahali, akafuata njia mpaka akawafikia, akataka vyondo 200 kwa miezi miwili. Mwenyekiti aliita mkutano chini ya mti. Nilikuwepo. Kwa nusu saa hakuna aliyesema juu ya vyondo. Walisema juu ya mama fulani wa mtaa wa pili aliyedhulumiwa na mtu wa mjini, na juu ya kikundi kingine kilichovunjika baada ya kupata pesa. Mama mmoja akasema waziwazi, "Afadhali tuseme hatuwezi, heshima yetu ibaki." Wengine wakaitikia kwa kichwa.

Katibu wao ni msichana aliyemaliza darasa la nane tu, lakini ana akili ya daftari. Akasema, "Kabla ya kukataa, kila mtu aseme anachoogopa, niandike." Akachora mistari kwenye karatasi, akaanza kuuliza mmoja mmoja. Jameni, mambo yalitoka! Mnunuzi atachukua mzigo asilipe. Hatuna pesa za katani na ngozi. Vyondo vitatofautiana ukubwa. Rangi itatoka ikilowa. Mweka hazina atashindwa na pesa nyingi. Mume wangu atakataa nikae nikisuka usiku. Nikifa katikati ya kazi? Hata hiyo aliiandika.

Halafu wakapiga hesabu kama hii yetu ya ubaoni. Vyondo 200 kwa watu 14 ni kama vyondo 14 kila mtu, na kwa saa zao ingekuwa karibu miezi minne. Kwa hiyo waliposema hawawezi 200 kwa miezi miwili, hofu yao ilikuwa kweli. Lakini kuna namba waliyoiweza. Vyondo sita kila mtu ni 84. Wakatoa vya ugonjwa, matanga na mambo ya wageni, wakabaki na 70. Wakampigia yule mnunuzi simu wakamwambia: tunaweza 70, kwa 1,100 kila kimoja, wewe ukija na gari lako kuchukua. Akanyamaza. Mwenyekiti aliniambia huo unyamavu ulikuwa mrefu kuliko ibada ya Ijumaa Kuu. Halafu akakubali.

Pesa za kuanzia je? Katani, rangi na ngozi ni 400 kwa kila kiondo, mara 70 ni shilingi 28,000. Mfuko wao ulikuwa na elfu tatu na kitu. Waliogopa kuomba malipo ya mbele kuliko walivyoogopa kazi yenyewe, kana kwamba kuomba ni kukiri umaskini. Waliomba nusu ya bei yote, yaani 38,500. Mnunuzi akakataa nusu, lakini akatoa zile 28,000 za vifaa kwa mara mbili, ya pili ikitoka baada ya kuona vyondo 30 vimekwisha. Hapo ile hofu ya kudhulumiwa ikapungua kwa pande zote mbili, maana naye alikuwa na hofu yake. Tunasahau kwamba mwenye pesa pia anaogopa.

Kuhusu mweka hazina, hawakusema maneno ya kumvunjia mtu heshima. Walisema tu kwamba pesa zitaingia kwenye akaunti ya kikundi, wa kutia sahihi ni watatu, na daftari litasomwa kwa sauti kila Jumatano. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mweka hazina ndiye aliyefurahi kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye angelala bila usingizi.

Kuhusu waume, waliwaita wazee kwenye mkutano wakawaonyesha karatasi ya hesabu. Wengi walielewa walipoona namba ya karo. Wawili wakachukua kazi ya kuteka maji ya kutia rangi. Mmoja alikataa kabisa, na mpaka leo hajakubali. Mke wake alisuka mchana nyumbani kwa mwenyekiti, vyondo vinne badala ya sita. Hilo halikuisha vizuri, na mimi sina dawa yake ya kuwapa leo. Mchungaji yuko, wazee wa kanisa wako, labda wao waanzie hapo.

Sasa mwisho wa habari hiyo, na nisikilizeni vizuri. Vyondo 70 vilikwisha kwa wakati. Mnunuzi alipokuja akavipanga vyote chini, akarudisha tisa. Vitatu vilikuwa vinene, sita vimekuwa vifupi kuliko sampuli. Alilipa vya 61, yaani shilingi 67,100, akakata zile 28,000 alizotanguliza, akawaachia 39,100. Vile tisa wakaviuza sokoni kwa bei ya chini. Hasara haikuwaua, lakini iliuma.

Angalieni, hofu ya ukubwa kutofautiana ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya katibu! Ilikuwa mstari wa tatu. Hofu ya wizi ilipewa watu watatu wa kutia sahihi. Hofu ya waume ilipewa mwenyekiti. Hofu ya rangi ilipewa mama mmoja mzee, akaloweka kipande cha kila rangi usiku kucha kwenye sufuria kabla ya kazi kuanza. Lakini hofu ya ukubwa haikupewa mtu. Kila mmoja alifikiri mwingine anaiangalia. Baadaye walikata vijiti viwili, kimoja cha kimo na kingine cha upana wa mdomo, na sasa kila Jumatano kiondo hupimwa kikiwa bado katikati, wakati wa kurekebisha bado upo. Kijiti ni cha bure. Kiko kwenye ua wa kila mtu hapa.

Kwa hiyo ninaposema andikeni hofu zenu, sisemi mziandike halafu mkazifunga kabatini. Kila hofu iwe na mstari wake, na kwenye mstari huo kuwe na mambo mawili: ikitokea itatugharimu shilingi ngapi, na nani anaitazama. Ile ya shilingi ngapi ni muhimu sana. Hofu isiyo na bei ni kubwa kama nyumba. Ukisema "vyondo tisa vitarudishwa, tutapoteza kama elfu tatu au nne," imekuwa ya kadiri ya mbuzi. Mbuzi anaweza kufungwa kamba.

Nikisoma mfano wa talanta katika Mathayo sura ya 25, naona wahubiri wengi wanamwita yule mtumwa wa tatu mvivu, na ni kweli bwana wake alimwita hivyo. Lakini angalieni yeye mwenyewe alijiteteaje. Alisema aliogopa. Aliogopa, akachimba shimo akaifukia. Na talanta haikuwa sarafu ndogo ya sadaka, ilikuwa fedha nyingi, mshahara wa kibarua wa miaka mingi. Mtu akipewa kitu kikubwa namna hiyo, kuogopa si ajabu. Shida ni kwamba hakumwambia mtu. Hakumuuliza yule aliyepewa tano anafanyaje. Alikaa na hofu yake peke yake, na hofu ya mtu mmoja huchimba shimo. Faida yetu sisi wa vikundi ni kwamba tuko 14, tuko 20, na kuna mti wa kukaa chini yake.

Wengine mnaogopa kuigwa. Mnaficha namna ya kutia rangi, mnaficha maua ya kiondo, mama mwingine akipita mnafunika. Hofu hii mimi naielewa, lakini naipa bei ndogo. Baada ya Vita Vikuu vya kwanza, Mutisya Munge alirudi kwao Wamunyu na ufundi wa kuchonga aliojifunza kwa Wazaramo wa Tanganyika. Ufundi ule ulitoka kwake ukaenea kwa majirani, na Wakamba maelfu wakaishi kwa kuchonga mpaka Nairobi na Mombasa. Wanunuzi walikuja Ukambani kwa sababu wachongaji walikuwa wengi. Kilichokuja kuwatesa wachongaji zaidi ni mti wa muhugu kuadimika, hata wengi wakageukia mwarobaini na mwembe. Kwa hiyo kama mnatafuta kitu cha kuogopa, ogopeni mkonge kuisha kwenye ua zenu, na mupande. Hilo lina faida kuliko kufunika kiondo.

Juu ya mkopo nitasema kwa ufupi, maana wiki mbili zijazo mtu wa chama cha akiba na mikopo atakuja kuwaeleza. Msiogope mkopo, na msiupende. Kama oda iko mkononi na mnunuzi amekubali bei, mkopo wa vifaa ni jambo la kuhesabu. Kama oda haiko, mkopo ni wa kununua katani ya kukaa. Na kama mnachukua, fuateni utaratibu wa yule mjane wa Elisha katika 2 Wafalme sura ya 4. Alipouza mafuta, deni lililipwa kwanza, halafu yeye na wanawe wakaishi kwa yaliyobaki. Siku hizi naona tunaanza na yaliyobaki.

Kuna hofu nyingine ambazo nawaomba msizishinde. Hofu nyingine ni akili. Mtu akija na gari safi, mara ya kwanza kumwona, akataka vyondo 100 kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi, na tumbo lako likakaza, lisikilize tumbo. Mtu akikuambia amekupatia soko Ulaya lakini kwanza kikundi kitume pesa za usajili kwa simu yake, kataa, hata akitaja jina la askofu. Hofu ya namna hiyo usiitafutie ujasiri, itafutie mlango wa kutokea.

Lakini nafasi nazo hupita. Tarehe 28 Agosti 2017 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, na faini ikawekwa ya kati ya shilingi milioni mbili na milioni nne, au kifungo. Ghafla kila mtu sokoni alikuwa akitafuta cha kubebea nyanya. Nilifikiri, sasa kiondo kimepata siku yake. Na kweli vikundi vingine viliuza. Lakini pale sokoni nafasi kubwa ilichukuliwa na mifuko ile ya bei rahisi ya kitambaa chepesi, kwa sababu ilikuwa tayari, kwa ukubwa mmoja, kwa bei iliyoandikwa. Tangazo lenyewe lilikuwa limetolewa Februari, miezi sita mapema. Ilikuwa wiki zaidi ya ishirini! Mama mmoja aliniambia vikundi viliogopa kusuka vyondo vidogo vya bei nafuu bila kuona mnunuzi. Nikamuuliza, mliandika kwamba mkisuka kumi vikakosa mnunuzi mtapoteza ngapi? Akacheka. Vitu vya katani havikosi mnunuzi milele, vingeuzwa Krismasi.

Basi, nimesema vya kutosha, na harufu ya chai naisikia kutoka jikoni. Kabla ya kunywa tutafanya kazi moja. Kila kikundi kikae pamoja, akina baba wale wa mlangoni msogee karibu, nanyi mna vikundi. Katibu atawapa karatasi mbili. Kwenye ya kwanza mwandike sentensi moja tu: vyondo vingapi, bei gani, mwezi gani, na mwangalie mvua. Kwenye ya pili mchore mistari. Upande wa kushoto hofu, katikati shilingi, upande wa kulia jina la mtu. Jina, si "kamati". Kamati haiendi kupima kiondo. Wasiojua kuandika waseme, anayejua aandike, na yule anayekaa kimya kila mkutano aulizwe wa kwanza.

Mkimaliza mtanisomea ile karatasi ya pili, nami nitauliza kila jina lililoandikwa kama mwenyewe amekubali. Tuna dakika 40. Vijiti vya kupimia viko pale pembeni kwenye debe, vimekatwa jana, kila kikundi kichukue viwili.